Mteja kanyoa asubuhi, kapakwa feki teni mchana, kesho yake miguu vidoti vidoti

Swali lililonifikia nalifupisha kidogo, liko hivi:

"Dada shikamoo. Mimi kwetu Tanga, nipo Liverpool mwaka wa pili huu. Nyumbani nilikuwa napamba maharusi, huku nimepata kazi saluni moja wananifundisha kupaka feki teni, ile dawa ya chupa ya kumpa mzungu rangi ya kahawia kama aliyekaa juani. Wiki iliyopita nimempaka mdada mmoja wa kizungu, kazi ikatoka safi kabisa, kesho yake karudi na hasira zake, miguu imetoka vidoti vya kahawia kama kuku aliyenyonyolewa, na makwapa yamekuwa na rangi haieleweki. Kumuuliza, anasema alinyoa asubuhi ileile kabla hajaja. Bosi kanisema mimi mbele za watu, na Alhamisi mdada anarudi kupakwa upya. Naomba kujua, mtu anatakiwa anyoe kabla au baada, na apishanishe muda gani? Halafu na mimi mwenyewe nina vipele vya wembe juu ya mapaja vimeniachia madoa, wenzangu kazini wananiambia nipake teni itafunika, ni kweli?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kusemwa mbele za watu. Nianze na la kukutuliza roho: mkono wako hauna kosa, kosa ni la ule wembe wa asubuhi. Mtu ananyoa kabla, na hiyo kabla yenyewe siyo masaa mawili, ni siku nzima, masaa 24. Wewe kosa lako ni moja tu, hukumuuliza kabla hujawasha mashine ya spreyi, na hilo wengi tumepitia. Mimi mwaka wangu wa kwanza Birmingham nilimpaka bibi harusi mtarajiwa ambaye nyumbani kwake alikuwa ametoka kujipaka krimu ya kuondoa nywele, hata saa moja haijapita, akaja kugeuka rangi ya fanta kuanzia magotini kushuka chini. Nililia stoo. Bahati ni kwamba lilikuwa zoezi la majaribio tu, harusi yenyewe ilikuwa bado wiki mbili.

Sasa ngoja nikwambie nini kinatokea pale kwenye ngozi, maana saluni nyingi wanakupa karatasi ya fanya hiki usifanye kile, unakariri, halafu mteja akija na jambo ambalo halipo kwenye karatasi unabaki umeduwaa.

Ile dawa iliyomo ndani ya chupa inaitwa DHA, ni sukari, sukari ya kweli kabisa ila ndogo kuliko hii ya kwenye chai. Ikikaa juu ya ngozi inakutana na protini za ngozi na zinaungana, zinatoa rangi ya kahawia. Umeshawahi kuangalia chapati inavyobadilika rangi kwenye kikaango, au ukoko wa mkate? Ni jamaa mmoja huyohuyo, sukari na protini, tofauti ni kwamba chapati ina moto inamaliza kwa dakika, ngozi haina moto kwa hiyo inachukua masaa, unaanza kuona kitu baada ya masaa mawili mpaka manne hivi na inaendelea kuiva hadi siku nzima. Ndo maana wateja wako kesho yake wana ile harufu kama biskuti ya zamani, wewe unadhani ni pafyumu mbaya kumbe ni mtu anaiva. Aliyeligundua hili kwa ngozi ni mama mmoja mtafiti, Eva Wittgenstein, Chuo Kikuu cha Cincinnati kule Marekani miaka ya 1950, alikuwa anawanywesha DHA watoto wenye ugonjwa wa kuzaliwa nao wa mwili kushindwa kutumia sukari vizuri, ikawa inawadondokea, baada ya masaa kadhaa pale ilipodondokea ngozi inakuwa kahawia lakini nguo haishiki rangi. Akajaribu kwenye ngozi yake mwenyewe. Mwaka 1960 tayari kampuni ya Coppertone ikawa na losheni dukani.

Kitu cha kushika hapa ni hiki: hiyo rangi yote inakaa kwenye lile tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokwisha kufa, ambalo ukijisugua na dodoki linatoka kama uchafu. Ni jembamba mno, karatasi ya daftari ni nene kuliko lenyewe, ukiacha nyayo na viganja. Haiingii chini, haigusi ile sehemu inayotengeneza weusi wako wa asili, na kwa sababu lile tabaka linapukutika lenyewe kila siku, teni inakaa siku tano mpaka wiki halafu inaondoka. Hapo ndo tofauti yake kubwa na mkorogo wa kwetu, mkorogo wenye haidrokwinoni au zebaki unaingia mpaka kwenye ngozi hai na unaharibu, huyu anakaa juujuu kama mpangaji. (Na huwa nacheka peke yangu, nyumbani mtu anatoa hela ya ada ya mtoto awe mweupe, huku mtu anatoa pauni 30 awe mweusi kidogo kwa siku sita. Haya.)

Sasa wembe unafanya nini? Wembe haukati nywele tu. Unakwangua na lile tabaka lililokufa, lilelile, na haukwangui sawasawa, kwenye ugoko unakwangua sana, nyuma ya goti unaruka, kwenye kifundo unakata kabisa. Kwa hiyo teni na wembe wanagombania chumba kimoja. Ukinyoa halafu ukapaka hapohapo, unapaka juu ya ngozi yenye mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, na vitundu vya vinyweleo viko wazi, kimiminika kinatuama mle ndani kama maji kwenye mashimo ya barabara, kikiiva kila kitundu kinakuwa kidoti. Ndo hao kuku wako walionyonyolewa. Ukipaka halafu ukanyoa, unaikwangua rangi yenyewe, inatoka kwa mistari. Kila sharti nitakalokwambia kuanzia hapa linatoka kwenye hilo jambo moja.

Mpangilio wenyewe. Tuchukue hiyo Ladies Day ya Aintree, wewe uko Liverpool, utaisikia mpaka uchoke, ile Ijumaa ya mwezi wa nne kabla ya mbio kubwa za farasi, mji mzima unapakwa. Sherehe ni Ijumaa, basi teni ipakwe Jumatano jioni au Alhamisi asubuhi, kunyoa kuwe Jumanne jioni. Anaanza na kusugua, skrabu au glovu ya kusugulia, taratibu, kwenye viwiko na magoti na vifundo zaidi kwa sababu pale ngozi iliyokufa imerundikana na itakunywa rangi kuliko sehemu nyingine. AKISHASUGUA ndo ananyoa, siyo kinyume chake, akinyoa kwanza halafu akasugua kwa chumvi ya skrabu utamsikia kutoka mtaa wa pili. Wembe mpya. Mteja wako mwambie kabisa, wembe mpya, maana wenzetu hawa wana tabia ya kuweka wembe bafuni miezi mitatu unapata kutu pale. Akimaliza anasuuza na maji ya baridi kidogo, anapaka losheni usiku ule kama kawaida ili ngozi itulie, ila siku ya kuja kwako asipake kitu. Losheni hapana, mafuta hapana, deodoranti hapana, pafyumu hapana.

Hiyo ya deodoranti ndo jibu la makwapa ya yule mdada. Kwapa limenyolewa asubuhi, likapakwa deodoranti juu ya mikwaruzo, likaja kukutana na teni. Pale rangi inaweza kutoka ya kijani, sikutanii, kijani kabisa. Mimi nina pakiti ya vitambaa vya kufutia mezani, visivyo na manukato wala mafuta, kila anayevua blauzi nampa ajifute kwapa na chini ya matiti kabla sijagusa mashine, hata akiniapia hajapaka kitu. Wanasahau. Deodoranti kwa hawa watu ni kama kupumua, mtu hakumbuki kama alipumua.

Sabuni nayo. Ngozi kwa asili ina uchachu kidogo, na DHA inapenda huo uchachu, inatoa kahawia nzuri. Sabuni ya kipande, zile ngumu za kuogea, ni kinyume chake, inaacha mabaki juu ya ngozi na pale rangi inakimbilia manjano na machungwa. Krimu ya kuondoa nywele ndo baba lao, ile ni kali mno kwa sababu kazi yake ni kuyeyusha unywele, sasa yule bibi harusi wangu wa fanta unaelewa alipopatikana. Anayetumia krimu namwambia siku mbili kabla, siyo moja, na aoge mara mbili katikati kwa sabuni ya maji isiyo kali.

Waksi mimi ndo naipenda zaidi kwa mteja wa sherehe, nakwambia ukweli. Fikiria, aliyenyoa Jumanne, Ijumaa ana vinyweleo vya siku tatu, kama nywele zake ni za dhahabu hazionekani na hakuna atakayemgusa mguu, lakini kama ana nywele nyeusi atataka kunyoa tena Ijumaa asubuhi na ataniharibia kazi. Waksi ya Jumatatu, au hata Jumapili, inamfikisha Ijumaa miguu laini bila kugusa wembe. Ile yetu ya sukari na ndimu unayoijua wewe kutoka kwa maharusi wa Tanga ni hivyohivyo, na ukimwonyesha bosi wako unavyoifanya kwa mkono bila kitambaa atakuheshimu, huku ni huduma ya bei. Ila ipishane na teni siku moja na nusu au mbili, na ngozi isiwe nyekundu. Kama bado ina wekundu usipake, mwahirishe.

Kwa hiyo mteja akija kasema amenyoa leo asubuhi unafanyaje? Unamwahirisha. Najua itakuwa ngumu, bosi anataka hela, mteja amekuja na basi mbili. Mwambie bosi hivi, ukimpaka leo unapata hela ya leo na kesho unaitoa kwa kumrudishia au kumpaka tena bure, hapo dawa imekwenda mara mbili na muda umekwenda mara mbili. Wakikataa kabisa, na ikibidi umpake, basi angalau yapite masaa kumi na mawili tangu anyoe, mpe maji ya baridi kwenye kitambaa apangusie miguu, akauke vizuri, na miguuni pita mkono mwepesi mara moja tu kwa dawa isiyo kali. Dawa za kupakia zinatofautiana nguvu, yaani asilimia ya DHA iliyomo, na ukali ukizidi ngozi ya mtu haipati weusi mzuri, inapata machungwa. Na asaini kwamba umemwambia. Karatasi ndogo tu, tarehe na saa aliyonyoa, jina, sahihi. Itakuokoa siku bosi anaponyanyua sauti.

Wakati wa kupaka, viwiko, magoti, vifundo, visigino na katikati ya vidole vya miguu unapaka krimu nyepesi kidogo sana kwanza, ili ikinge. Krimu hiyo usiipeleke kwenye ugoko, wanaoanza wanapaka mguu mzima halafu teni inakuja na mabaka. Na kama ni mashine ya spreyi, vaa barakoa wewe, mteja apewe kinga ya macho, ya pua na ya midomo, DHA imeruhusiwa Marekani kupakwa kwenye ngozi kwa nje, haikuruhusiwa kuvutwa ndani wala kugusa macho na midomo. Mteja anavuta mara moja kwa wiki, wewe unavuta watu wanane kwa siku. Fungua dirisha, hata kama ni Januari, wavae majaketi wakisubiri.

Akitoka hapo mwambie asishtuke akioga mara ya kwanza, baada ya masaa sita mpaka nane kwa dawa ya kawaida, maji yatashuka ya kahawia kama ya mto uliofurika. Wengi wanapiga simu wanalia. Ile ni rangi ya kuongozea tu, imewekwa ili wewe unayepaka uone ulipopita, teni yenyewe imeshashikana na ngozi haishuki na maji. Anajisuuza kwa maji vuguvugu bila sabuni bila dodoki, anajikausha kwa kubonyezabonyeza taulo, hajifuti.

Sasa kunyoa BAADA. Hapa watu wanadanganyana sana, wengine wanasema ukishapakwa teni usinyoe kabisa. Unaweza. Asubiri siku moja kamili tangu ile suuza ya kwanza, ikizidi ndo vizuri, halafu anyoe akijua kwamba kila akinyoa anaondoa kidogo. Namna ya kunyoa ndo inaamua kidogo hicho ni kiasi gani. Nakuonyesha ninavyowaonyesha wateja, huwa nachukua mkono wao wenyewe: wembe mpya wenye makali, maana ulio butu unakulazimisha kubonyeza, na ukibonyeza ndo unakwangua. Badala ya povu la kunyolea atumie kondishena ya nywele, ile ya kawaida ya shawa, aipake nene mpaka rangi ya mguu isionekane, aache dakika mbili unywele ulainike. Anyoe kwa kuelekea unywele unakolala, kwenye mguu ni kushuka chini, asipande. Sehemu moja mara moja. Ukitelezesha wembe na kusikia ile sauti ya kukwaruza kama unaparuza samaki, umebonyeza. Akimaliza anasuuza, anabonyeza taulo, anapaka losheni isiyo na mafuta mengi, na kila siku asubuhi na jioni losheni, ngozi kavu inapukutika kwa mabaka na teni inaondoka nayo kwa mabaka, inakuwa kama ramani. Baada ya kunyoa, siku ya pili, apake ile losheni ya teni ya polepole, nyepesi sana, inaziba palipopungua.

Wanaume usiwasahau, wanazidi kuja siku hizi, wenye kunyoa ndevu kila siku. Uso wa mwanaume anayenyoa kila asubuhi teni yake haifiki siku ya nne, mwambie kabla hajalipa ili asije kusema umemuuzia maji. Na anyoe kwanza asubuhi ya jana yake, asubuhi ya pili apakwe, siku inayofuata anyoe kwa mashine ya umeme badala ya wembe kama anayo, haikwangui sana kama wembe.

Kitu kimoja usikikosee kabisa, mteja anayefanya leza ya kuondoa nywele. Leza inatafuta rangi, ndo namna inavyoujua unywele, sasa ukiipiga juu ya ngozi iliyopakwa teni inaikuta rangi kwenye ngozi na inaichoma. Watu wameungua kweli. Kama ana miadi ya leza teni iwe imekwisha kabisa mwilini, sehemu nyingi wanataka wiki mbili, na yeye amwambie mwenye leza bila kuficha. Mimi siku hizi nauliza hilo swali kabla hata ya kuuliza jina.

Halafu wapo wanaodhani wakishakuwa na hiyo rangi jua haliwaumizi. Haikingi jua kwa maana yoyote ya maana, sanskrini, krimu ya kukinga jua, ni ileile, na siku ile ya kwanza asikae juani hata akiwa kapaka. Ila mteja akikuuliza kati ya teni ya chupa na kwenda kulala kwenye sanbedi, kile kitanda cha taa kali za kubadilisha ngozi rangi, usisite hata sekunde, mwambie chupa. Zile sanbedi Shirika la Afya Duniani kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani liliziweka mwaka 2009 kwenye kundi moja na sigara, vitu vyenye uhakika wa kusababisha saratani kwa binadamu, na huku Uingereza mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuingia.

Kurekebisha lililokwisha kuharibika, kama yule mdada wako. Vidoti haviondoki kwa kusugua kwa nguvu, akisugua ataondoa rangi yote ya katikati na vidoti vitabaki, maana viko ndani ya vitundu, atazidi kuonekana kuku. Mpake mafuta ya mtoto miguu yote, mengi, akae nusu saa, halafu aingie kwenye maji ya moto ya wastani dakika kumi na tano, ndo umsugue taratibu na glovu kwa kuzungusha. Rudia kesho yake. Siku mbili tatu inakuwa imefifia kiasi cha kupaka upya. Ndimu na magadi niliwahi kuwatumia zamani na ninajuta, inafanya kazi lakini inachoma, na juu ya ngozi iliyotoka kunyolewa usithubutu. Na tafadhali, kuna mtu atakuja kukunong'oneza kwamba krimu ya kung'arisha itatoa madoa ya teni haraka. Hapana. Krimu hiyo inashughulika na rangi ya ndani, rangi hii iko nje, utakuwa umemharibia mtoto wa watu ngozi na vidoti vipo palepale.

Sasa wewe na mapaja yako. Teni inashika kwenye ngozi nyeusi vilevile, wanaokwambia haishiki hawajajaribu, inaongeza wekundu wa kahawia kama mtu aliyekaa pwani wiki nzima, na wapo wenye vitiligo, ile mabaka meupe, wanaitumia kusogeza rangi ya baka karibu na ya mwili mzima na wanaridhika nayo. Lakini madoa ya vipele ni meusi kuliko ngozi yako, siyo meupe. Ukipaka teni ngozi inakuwa nyeusi zaidi na doa nalo linakuwa jeusi zaidi, mnapanda ngazi pamoja. Na kama kipele bado ni kibichi, kimevimba au kina kichwa cheupe, teni itatuama pale na utapata kile alichopata mteja wako, tena kwenye sehemu nyeti. Kwa hiyo wenzako wamekosea, hawana nia mbaya, ngozi wanayoijua ni ya kwao.

Vipele vyenyewe vinatokana na nywele zetu kuwa za kujikunja. Wembe wa makali matatu, manne, matano, yale ya mbele yanauvuta unywele kabla ya nyuma hayajaukata, ukikatwa unarudi chini ya ngozi, kisha ukianza kuota unajikunja na kuichoma ngozi kutokea ndani, mwili unaona ni mwiba, unavimba. Ndo maana ukinyoa laini sana unafurahi siku mbili halafu ya tatu unalia. Pumzisha wembe pale wiki nne, sita ukiweza. Ukishindwa kuvumilia tumia mashine ya kupunguzia, iache nywele fupi kama milimita moja, haitakuwa laini lakini haitarudi ndani. Siku utakayorudi kwenye wembe chukua wa kali moja, maji ya moto kwanza, usiivute ngozi kwa mkono mwingine, fuata unywele unakolala. Usichokonoe na sindano wala pini, nakujua, hata mimi nilikuwa nachokonoa, yale madoa marefu zaidi kwenye mapaja yangu ni ya pini na siyo ya wembe. Kitambaa cha maji moto dakika kumi usiku kinatosha kuusaidia unywele utoke wenyewe. Chupi na suruali zisibane. Kikitoa usaha, kikiwa kinauma na kina moto, au kama kwenu mna historia ya makovu ya kuvimba, nenda kwa daktari wako, na kwa madogo hata mfamasia wa mtaani huku anakusaidia bila miadi. Madoa yatafifia, ila hesabu miezi, siyo wiki, na usiyaguse na kitu chochote cha kwenye kopo lisilo na maandishi.

Na huyo mdada, umesema anarudi Alhamisi kupakwa upya. Leo Jumatatu mtumie meseji, mafuta leo na kesho, kusugua na kunyoa Jumanne usiku wembe mpya, Jumatano asiguse kitu zaidi ya losheni, Alhamisi aje mkavu bila deodoranti, na avae suruali nyeusi pana na ndala, siyo leginzi za kubana, maana zile nazo zitakuchorea mistari.

Halafu hayo madoti ya mwanzo piga picha kabla hujampaka tena, uweke na karatasi yake.